Wanakwaya naombeni ushauri: kuongoza kwaya na kengele za mkono, mtu anaweza kuifanya kazi ya maisha?

TenaWaKwanza:

Habari za jioni wakuu. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, mnivumilie, hili jambo linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa na hapa nilipo sina mtu wa kuongea naye muziki kwa Kiswahili.

Nyumbani nimekuwa mwalimu wa kwaya miaka 9, usharika mmoja upande wa Kilimanjaro. Solfa (zile do re mi) nilifundishwa na mwalimu aliyenitangulia, nikapokea kwaya ya vijana, baadae nikapewa kwaya kuu. Nimetunga nyimbo kama 40 hivi, nyingi za sauti nne, zote zipo kwenye madaftari. Malipo yalikuwa nauli ya bodaboda na soda na sikuwahi kudai zaidi kwasababu ile kazi naipenda toka moyoni, ila kuna kitu kiliniuma na bado kinaniuma, zilirekodiwa albamu mbili zikauzwa na kwenye kava hakuna sehemu hata moja iliyoandikwa nani katunga. Nasema hivi mjue natokea wapi.

Sasa hivi nipo Minnesota, mwaka wa pili, nafanya kazi nyumba ya wazee shifti ya usiku. Nasali kanisa la Kilutheri la hapa jirani. Mwezi uliopita mama anayeongoza muziki pale, ni mtu wa miaka 70 na kitu, anaongoza kwaya ya watu wazima, ya watoto na kundi la kengele za mkono (wenyewe wanaita hendibeli), alinifuata baada ya ibada akaniambia mpiga kengele wake mmoja kavunjika mkono, njoo Alhamisi utusaidie. Nikaenda.

Jamani. Nilikuta meza ndefu zimetandikwa sponji nene kama godoro, juu kitambaa cha zambarau, na kengele za shaba 37 zimepangwa mstari kuanzia ile kubwa mpaka ile ndogo inayoenea kwenye kiganja. Watu 11. Nikapewa glavu nyeusi ili jasho la vidole lisiichafue shaba, nikapewa na kengele zangu mbili, D5 mkono wa kushoto, E5 mkono wa kulia. Basi. Noti mbili, mimi niliyezoea kubeba wimbo mzima kichwani sauti zote nne. Mkono unaanzia karibu na bega, unaisukuma kengele mbele kama unachora duara, inalia ikiwa kule mbele, na noti ikiisha urefu wake unairudisha inagusa begani, inanyamaza. Kwenye kipimo cha 12 (kipimo ni kile kipande kidogo cha wimbo kati ya mstari wa wima na mstari wa wima kwenye noti) nilichelewa E moja tu na pale pale wimbo ukawa na tundu, tuni ilikatika mbele ya watu wote kama shanga zimekatika uzi. Kwenye kwaya mwimbaji mmoja wa tena (ile sauti ya juu ya wanaume) akikosea wenzake wanne wanamfunika. Pale hakuna wa kukufunika, ile noti ni yako peke yako dunia nzima.

Nilirudi nyumbani nimetetemeka. Baadae yule mama akanikalisha na kahawa akaniambia anastaafu mwakani, kwamba hiyo ndio kazi aliyofanya maisha yake yote, amesomesha watoto kwa hiyo, ametunga vipande vya kwaya na vya kengele vimechapishwa, akaniuliza nimewahi kufikiria kuisomea? Nina miaka 34. Naombeni mnaojua mniambie ukweli, hivi hii ni kazi kweli au ni bahati ya mtu mmoja mmoja, mtu anaanzia wapi, na huu uzoefu wangu wa solfa na kwaya za nyumbani unahesabika au naanza sifuri?

---

KengeleNaKahawa:

Kaka TenaWaKwanza karibu sana mezani. Nimesoma nikarudia, D5 na E5 ndio kengele nilizoanza nazo na mimi. Mimi mtu wa Tanga, nipo Pennsylvania mwaka wa 14, napiga kengele mwaka wa 11, naongoza makundi mawili ya kengele na kwaya moja, kwahiyo nitakujibu kwa ninachokiishi.

Ni kazi, ila usitegemee utaikuta imekaa sehemu moja inakusubiri. Ni kazi ya kuunganisha vipande. Makanisa mengi huku hayaajiri mtu wa kengele peke yake, yanaajiri mwongozaji wa muziki, na anayepata ile nafasi ni yule anayeweza kushika kwaya ya watu wazima, watoto, kengele, na ikiwezekana kinanda pia. Na nafasi nyingi ni za nusu muda au robo muda. Mimi nina kanisa moja la nusu muda, lingine robo, siku za wiki nafundisha watoto wa watu piano nyumbani, kiangazi naitwa kufundisha kwenye mikusanyiko ya wapiga kengele, na pembeni naandika. Ukijumlisha inatosha kuishi. Ukitoa kipande kimoja, mwezi unakuwa mrefu. Hili nakwambia mapema usije ukaacha shifti zako kesho asubuhi.

Ukiwaangalia wakubwa wa fani hii utaona nao ni vile vile, hakuna aliyeshika kitu kimoja. Hapa hapa Pennsylvania kuna William Payn, alikuwa Bucknell University kule Lewisburg, alikuwa anaongoza kwaya ya Rooke Chapel ambalo ndio kanisa la chuo na papo hapo anaongoza wapiga kengele wa Rooke Chapel, na ametunga vya kwaya na vya kengele. Kuna Donald Allured, huyo ndiye aliyeanzisha Westminster Concert Bell Choir mwaka 1978, Westminster Choir College, Princeton, New Jersey. Fikiria hicho chuo, kilianzishwa kwa ajili ya kwaya za makanisa tangu 1926 kule Dayton, Ohio, kikahamia Princeton 1932, halafu mtu anaingia na kengele zake na zinapata meza yao ndani ya chuo cha waimbaji. Maana yake nini, watu hawa waliongoza waimbaji asubuhi na kengele jioni, na walichojifunza kwa hawa walikitumia kwa wale. Nikisikiliza kipande cha kengele kilichoandikwa na mtu wa kwaya namjua, kinapumua mahali mwimbaji angepumua.

Sasa tofauti ambayo lazima uijue mapema. Kwa mwimbaji ukifungua kiganja taratibu sauti inakua, ukikifunga inapungua, noti moja unaweza kuifinyanga kama udongo. Kengele ikishapigwa imeshapigwa, kuanzia hapo inakufa tu, huwezi kuirudia ukaipandisha. Ukitaka muziki ukue inabidi kila anayefuata apige kwa nguvu kidogo zaidi ya aliyemtangulia, watu 11 kila mmoja na kipimo chake, yaani ile krishendo wanaijenga kwa kupokezana kama ndoo za maji. Na mpiga kengele lazima aanze kusogeza mkono kabla ya noti maana ile kengele ina safari ya kwenda mbele kabla haijalia, kwahiyo mkono wa mwongozaji uwe safi, pigo la maandalizi lionekane, madoido yale ya kuchora mawingu hewani yaache kwa kwaya. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa naongoza kengele kama naongoza kwaya, tukawa tunachelewa kila mwanzo wa mstari, mpaka mpiga kengele wa besi, mzee mmoja mkimya, akaniambia kwa upole "tunaona unachokihisi lakini hatuoni moja iko wapi." Moja ni lile pigo la kwanza la kipimo. Ile sentensi ilinifundisha kuliko semista nzima.

Kingine, ukisimama mbele utaona kila kitu kimegeuka. Kwa wapigaji kengele nzito ziko kushoto kwao kama kwenye kinanda, kwako wewe ziko kulia. Kwaya yako ulishazoea soprano wako wapi na besi wako wapi, hapa itabidi macho yajifunze upya.

Wapi pa kuanzia, wewe upo Minnesota, umeangukia pazuri. St. Olaf College ipo Northfield, kwaya yao ina sifa tangu 1912 alipoianzisha F. Melius Christiansen, na wana makundi ya kengele pia, nenda kasikilize matamasha yao kabla hujafikiria kujaza fomu yoyote. Halafu jiunge na Handbell Musicians of America, ndio chama cha wapiga kengele, wana mikusanyiko ya kanda ambapo mamia ya watu wanapiga pamoja ukumbi mmoja na kuna madarasa ya wanaoanza kuongoza. Muziki wao umepangwa madaraja ya ugumu 1 hadi 6, muulize mama yenu kundi lenu linapiga daraja la ngapi, ukilijua hilo utajua na wewe upo wapi.

Miaka 34 ni kijana kaka. Na hapana, huanzi sifuri. Nakuja kwenye utunzi baadae nikitoka kwenye mazoezi.

---

TenaWaKwanza:

Dada asante sana, hiyo ya "hatuoni moja iko wapi" nimeiandika kwenye daftari. Ila kuna sehemu nakwama kila Alhamisi na naona aibu kumuuliza mama. Mimi kichwa changu ni cha solfa. Kwenye wimbo wa funguo ya C kengele zangu ni re na mi, sawa. Wimbo unaofuata ni G, ghafla zile zile zimekuwa so na la. Ukija wa D zimekuwa do na re. Kengele haijabadilika ila jina lake kichwani kwangu limehama na mkono unasita. Mnafanyaje?

---

MwalimuMstaafu_Kagera:

Mwanangu TenaWaKwanza, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuiandika. Mimi ni mzee wa kwaya, nimefundisha tangu 1978 mpaka miguu iliponiambia inatosha, naomba nijibu hilo la solfa maana nimelifundisha kwa vijana wengi.

Usiitupe solfa. Wengi wakikutana na noti za stafu (zile za mistari mitano) wanaambiwa solfa ni ya watu wa shamba, si kweli, solfa inakupa sikio, inakwambia ile noti inafanya kazi gani ndani ya wimbo, inavuta kwenda wapi. So inataka kurudi do, ti haitulii mpaka ifike nyumbani. Stafu inakupa mahali, solfa inakupa kazi. Sasa kwenye kengele yako mkono ujifunze mahali na sikio libaki na kazi. Chukua penseli ya bluu na nyekundu, kila D kwenye karatasi yako izungushie bluu ya mkono wa kushoto, kila E nyekundu ya kulia, usiziimbe majina wakati unapiga, ziangalie tu rangi. Ukirudi nyumbani ndio ukae uimbe wimbo wote kwa solfa ujue noti zako zilikuwa zinafanya nini. Baada ya miezi michache vitu viwili vitakutana vyenyewe.

La pili ndilo lililonifanya niandike. Umesema kama vile hili jambo la mtu mmoja kushika noti mbili ni geni kabisa kwetu. Vuka mpaka hapa uende Busoga, Uganda, kuna muziki wanaita bigwala, ni tarumbeta za vibuyu virefu, zinapigwa tano au zaidi, kila tarumbeta ina sauti yake moja, mtu anapuliza noti yake inapofika zamu yake, mwenzake anapokea, na tuni inatokea katikati yao, hakuna mmoja anayeipiga yote. Ulikuwa muziki wa ufalme, wa kutawazwa na kuzikwa wafalme. UNESCO waliuweka mwaka 2012 kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka maana wazee wanaoujua walikuwa wamebaki wachache mno. Kwahiyo huyo mama wa Minnesota anafundisha kitu ambacho babu zetu wa ukanda huu wa ziwa walikijua vizuri sana. Ukisimama mbele ya hiyo meza usisimame kama mgeni.

Na la tatu, muulize mama yenu kama kwenye kitabu chao cha nyimbo kuna Mfurahini Haleluya. Maneno yaliandikwa na Bernard Kyamanywa mwaka 1966 akiwa mwanafunzi Makumira, chuo cha theolojia cha Walutheri kule Arusha, akayaweka kwenye tuni ya huku kwetu, Howard Olson aliyekuwa anafundisha Makumira akautia Kiingereza, na Walutheri wa Marekani wanao kwenye kitabu chao cha 2006. Mwanafunzi, mwanangu. Na jina lake lipo pale chini ya wimbo. Hizo nyimbo zako 40 ziandike jina na tarehe kila ukurasa, leo, kabla hujalala.

---

mama_alto:

Shikamoo mwalimu. Mi nauliza tu la fedha jamani, hizo kengele zinauzwaje? Kwaya yetu Mwanza tunaweza kuchanga?

---

KengeleNaKahawa:

Mama alto, seti ya oktava tatu (oktava ni kutoka do mpaka do inayofuata) zile 37 ni maelfu mengi ya dola, kusema kweli kwa kwaya ya nyumbani kuchanga hizo ni mzigo mkubwa. Zinatengenezwa hapa Pennsylvania na makampuni mawili yanayojulikana, Malmark na Schulmerich, ni bronzi, yaani mchanganyiko wa takriban 80 kwa 100 shaba na 20 bati, kila moja inachongwa mpaka ifike kwenye noti yake. Kuna ndugu zake wa bei nafuu, ni mirija ya aluminiamu yenye nyundo ndogo kwa nje, sauti laini kama filimbi, shule nyingi huanza na hizo. Lakini mimi ningekuwa Mwanza ningeanza na marimba na ngoma mlizonazo, ile kazi ya kupokezana mnaweza kuifundisha leo bila senti.

---

MsikilizajiWaMinara:

Salaam wote. Mimi ni mtu wa Unguja ninayeishi Uingereza, si mpigaji, ni msikilizaji tu, ila kazi yangu ya kuendesha magari ya mizigo inanipitisha vijijini na nimezipenda kengele za minara ya huku mpaka nikaanza kuzisoma. Nachangia kidogo historia maana inajibu swali la kwanini noti mbili mbili.

Hizi kengele za mkono zilikuwa za mazoezi. Karne ya 17 Waingereza walikuwa na mtindo wao wa kupiga kengele za mnarani kwa mpangilio wa hesabu, kila mtu na kamba yake, kengele 6 au 8 zinabadilishana zamu bila kurudia mpangilio. Sasa mazoezi ya masaa mengi mnarani, baridi kali, na kijiji kizima kinasikia makosa yenu, wakatengeneza kengele ndogo wakafanyie mazoezi ndani, nyumbani au kilabuni. Ndugu wawili wa ukoo wa Cor, kijiji cha Aldbourne, Wiltshire, wanatajwa sana kuwa miongoni mwa wa kwanza kuzitengeneza vizuri. Kitu kilichozifanya ziwe za muziki ni kwamba ule ulimi wa ndani hauyumbi ovyo kama kengele ya mbuzi, umefungwa uende mbele na nyuma tu na una kitu kinachourudisha, kwahiyo unagonga pale unapotaka wewe.

Na zilivyoota mizizi Marekani ni hadithi ya mwanamke mmoja wa Boston, Margaret Shurcliff. Mwaka 1902 alikuja London akapiga kengele za mnarani, wakati ule wanawake kwenye kamba zile walikuwa wa kuhesabu, akapewa seti ya kengele za mkono kutoka kiwanda cha Whitechapel, ndicho kile kile kilichotengeneza Big Ben 1858. Akarudi nazo nyumbani, wakawa wanapiga na familia na majirani mkesha wa Krismasi mtaa wa Beacon Hill. 1937 wakaunda chama cha New England, na 1954 kikaundwa chama cha Marekani nzima, yeye ndiye rais wa kwanza. Hicho ndicho chama dada KengeleNaKahawa amekutajia, kimebadilisha jina tu. Kiwanda cha Whitechapel chenyewe kilifunga mlango 2017. Nilipita pale nje mara moja nikasimama barabarani kama mtu aliyefika msibani amechelewa.

Kwahiyo kaka ile kazi unayoulizia haina hata miaka 130 huko Marekani. Bado ni mbichi.

---

KengeleNaKahawa:

Nimerudi. Asante ndugu msikilizaji, hiyo ya 1902 huwa nawasimulia watoto wangu wa kengele kila mwaka.

Utunzi sasa. Kaka, ukitaka kuandika vya kengele kitu cha kwanza usahau kuandika tuni halafu uigawe. Andika ukiwaona watu. Chora meza, weka watu 11, kila mtu mpe noti zake mbili kama ulivyopewa wewe, halafu kila noti unayoiandika jiulize nani anaipiga na mkono wake mwingine una nini wakati huo. Mfano aliyekaa kulia kwako ana F5 na G5. Ukimwandikia F halafu noti inayofuata papo hapo F shapu (F iliyopandishwa nusu sauti, ina kengele yake), huyo mtu inabidi aweke F mezani, achukue F shapu, aipige, yote ndani ya nusu ya pigo, na labda G yake bado inalia mkono mwingine. Haiwezekani, na akishindwa lawama ni ya mtunzi. Mimi kipande changu cha kwanza kilirudishwa na aliyekuwa ananifundisha kimezungushiwa duara sehemu 19, kila duara ni mkono wa mtu niliyemsahau. Nilikaa nacho mezani, na kengele zenyewe mbele yangu, nikawa naigiza nafasi ya kila mtu mmoja baada ya mwingine, usiku tatu, mpaka maduara yote yakaisha.

Halafu kuna rangi za kengele ambazo mtu wa kwaya huzipenda akizijua. Unaweza kuacha kengele zote zilie bila kunyamazisha, wanaandika LV, yaani "iache ilie", inakuwa kama ukungu wa ziwani asubuhi, sauti juu ya sauti. Unaweza kuipiga kengele kwenye sponji ikatoa mdundo mkavu, mfupi. Unaweza kuiacha ilale mezani ukaigonga kwa nyundo ya uzi, hapo unapata kitu cha karibu sana na marimba, na mtu aliyekulia kwenye marimba anajua cha kufanya na hiyo. Na kumbuka kengele inalia oktava moja juu ya inavyoandikwa, C5 inaandikwa kama C ya katikati ya kinanda lakini masikio yanapokea ya juu yake, kwahiyo ukichanganya kengele na kwaya acha nafasi, soprano wako wasigombane nazo.

Fedha ya utunzi, nikueleze bila kupamba. Ukichapishiwa na wachapaji mara nyingi unapata kama asilimia 10 ya bei ya nakala. Kila mpigaji anatakiwa awe na nakala yake iliyonunuliwa, hapo ndipo panaposaidia, kundi la watu 11 wananunua nakala nyingi. Hata hivyo wimbo mmoja hauwezi kukulisha. Kinacholipa vizuri ni kuagizwa, kanisa linatimiza miaka 100 au mtu kastaafu wanataka kipande chao, wanakulipa kuandika, na baadae ukikichapisha jina la kanisa na tukio linakaa pale juu. Na nimesoma kuhusu zile albamu mbili, kaka, kimenichoma kile. Huku mkataba unasainiwa kabla noti haijatoka mkononi mwako, jina lako lipo juu kulia ukurasa wa kwanza, na ukiona halipo una haki ya kupiga simu. Mwalimu wa Kagera kakwambia uandike tarehe, na mimi naongeza, piga picha kila ukurasa uhifadhi mahali pawili.

Ushauri wangu wa mwisho kwenye hili, usianze na shule. Mwombe huyo mama mwaka wake huu wa mwisho uwe msaidizi wake. Umfungulie ukumbi, umpangie kengele, ung'arishe, uone anavyochagua muziki, anavyomwambia mtu amekosea bila kumvunja moyo, anavyokaa na kamati ya bajeti. Hiyo ya kamati hakuna chuo kinachoifundisha na ndio nusu ya kazi.

---

MwalimuMstaafu_Kagera:

Kweli kabisa binti yangu. Na muulize anapanga vipi nani akae wapi. Mimi kwenye kwaya yangu nilikuwa siwapangi kwa sauti tu, mtu mwoga namweka kati ya wawili wanaojiamini. Kwenye kengele nadhani ni zaidi.

---

KengeleNaKahawa:

Ni zaidi mwalimu. Anayehesabu vizuri namweka kwenye besi maana zile kengele kubwa zinakaa kimya vipimo vingi halafu zinatakiwa ziingie zenyewe bila kusukumwa. Mwenye mikono myepesi juu. Na yule anayesikiliza wenzake kuliko anavyojisikiliza, huyo nampa katikati, D5 na E5, tuni nyingi zinapita pale. Kaka TenaWaKwanza sidhani kama huyo mama alikupa zile kwa bahati mbaya.

---

TenaWaKwanza:

Wakuu nimerudi. Shikamoo mwalimu, nisamehe niliisahau. Nimesoma kila kitu nikiwa mapumziko ya shifti saa nane usiku, nimesoma na mara ya pili asubuhi.

Jana ilikuwa Alhamisi. Nilifika nusu saa kabla nikamkuta mama anatoa kengele kwenye masanduku, nikamwambia naomba nizipange mimi. Akaniachia. Nimezipanga zote 37, kila moja kwenye nafasi yake, nikazifuta na kile kitambaa, na nikiwa nafika kwenye za kwangu nikamuuliza kwanini ulinipa hizi. Akasema "niliwahi kukusikia ukiimba sauti ya tena pale benchi la nyuma, ulikuwa unamsubiri mzee wa jirani yako amalize pumzi ndio uendelee." Sikuwa nalijua hilo kama nalifanya.

Zile penseli mbili zimefanya kazi. Tulikuwa na wimbo wa G na mkono haukusita, nimepiga bluu na nyekundu tu, so na la nikaziimba kwenye gari nikirudi. Kipimo cha 12 cha ule wimbo wa kwanza nimeingia mahali pake.

Nimemuuliza kuhusu usaidizi wa mwaka mmoja, amekubali, tunaanza Jumanne na kwaya ya watoto. Nikamuuliza na Mfurahini Haleluya. Akafungua kitabu, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa, akaniambia wanauimba kila Pasaka na hajawahi kusikia unavyoimbwa kule ulikotoka. Nikamwimbia, kwa Kiswahili, mimi na yeye tu pale ukumbini na kengele zimeshafunikwa. Ubeti wa pili akafunua kitambaa akachukua kengele mbili za chini akawa ananiwekea besi, polepole. Tukamaliza beti zote. Halafu akatoa karatasi tupu ya stafu kwenye mkoba wake akanipa, akasema Pasaka iko mbali, chora meza.

Nimechora. Nimeshaweka watu saba, nimekwama kwa mwenye A5 na B5, mkono wake wa kushoto namdai noti mbili kwa wakati mmoja kwenye kiitikio. Dada KengeleNaKahawa ukipata nafasi naomba nikutumie picha uangalie.